Harufu ya Kazi

Kaka mtu alisimama mlangoni mwa chumba cha vanishi, mikono nyuma, kama aliyekuja kutoa pole. Msasa, dada yake, alimwona kwa pembe ya jicho, akaendelea na shughuli yake. Alikuwa katikati ya mlango wa kabati, na mlango wa kabati hauachwi katikati. Ukiinua kitambaa kabla ya kufika mwisho, pale ulipoinulia pataonekana mpaka siku kabati litakapokuwa kuni.

"Mwisho wa mwezi anakuja fundi wa kupuliza," kaka alisema. "Ana mashine yake. Wewe utahamia kwenye mito ya viti."

"Mito? Nishone mimi?"

"Ushone, ujaze, utakavyoona mwenyewe. Ila humu ndani hapana. Nimkabidhi fisi bucha halafu nilale usingizi?"

Fisi akafika mwisho wa mbao, akainua kitambaa taratibu, ndipo akageuka. Alikuwa na mengi ya kusema, na kwa kawaida mengi hayo yangekuwa yameshatoka. Jina la Msasa alipewa na marehemu baba yao, mwenye karakana, na wala si kwa sababu ya kusugua mbao peke yake. Alikuwa na ulimi wa kuparuza. Lakini siku hiyo alimtazama tu kaka yake, maana aliona kwamba yule mtu haongei kwa hasira. Anaogopa. Na mtu anayeogopa huwezi kumtukana akakusikia.

Vanishi aliyoifanya Msasa ilikuwa ile ya zamani. Unachukua gundi kavu ya vipande vipande, unaiyeyusha kwa spiriti, unafunga pamba ndani ya kitambaa kilichochakaa vizuri, kisha unazungusha mkono juu ya mbao, duara juu ya duara, siku baada ya siku, mpaka mbao inaanza kukutazama. Spiriti inaruka, gundi inabaki. Harufu ndiyo yenye ubishi. Inaingia kwenye nywele, kwenye kucha, kwenye mikunjo ya nguo, na kwa pua isiyojua mambo ni harufu ya mlevi moja kwa moja.

Na mlevi alikuwa kweli, asisingiziwe mtu. Mtaa mzima ulijua, hata mbwa walijua saa anayorudi, wakawa wanampisha. Alikunywa mpaka asubuhi moja akaamka akiwa amepiga magoti pembeni ya kochi la mteja, kiganja kimenasa kwenye vanishi iliyokauka, vidole vyote vitano vimejichora pale kama muhuri. Alikwangua alama ile siku nzima, akilia na kujitukana, na tangu hapo hakuweka tone mdomoni. Hiyo ilikuwa kabla ya mvua kubwa, na mvua kubwa zilikuwa zimekwisha. Spiriti ya kazi hakuwahi kuinywa hata siku moja. Alikunywa kila kitu kingine, hiyo hapana. Aliiona kuwa ndiyo heshima yake iliyosalia, ingawa hakuna aliyempigia makofi kwa hilo.

Aliyeleta njia alikuwa mke wa kaka, mwanamke mpole aliyezoea kusema jambo huku akifanya jingine. Alikuwa akipakua chakula cha mchana. "Wifi, kuna watu wanakutana," alisema. "Walioacha. Kwenye jengo la nyuma ya zahanati, Alhamisi jioni. Wanazungumza tu."

"Wanazungumza nini?"

"Si hiyo hiyo pombe."

Msasa aliona kukusanyana kuzungumzia pombe bila pombe ni sawa na kwenda harusini kuangalia viti. Lakini kaka aliweka kijiko chini. "Hao nitawasikiliza," akasema. "Wakiniambia unaweza kukaa na hilo kopo la spiriti chumba kimoja, nitamwambia yule wa mashine asije. Wao wanajua. Mimi sijui, dada. Mimi najua kukubeba tu."

Basi ikawa hivyo. Apate wa kumsemea, au akashone mito mpaka uzeeni.

Alhamisi alifunga chumba akaenda alivyo, na koti lake la kazi na kitambaa kichwani. Angepita nyumbani kuoga asingetoka tena, alijijua. Alikuta mlango wa chini uko wazi na watu wazima wamekaa duara, mama mnene mwenye miwani akiongoza. Akajipenyeza kiti cha nyuma.

Mzee mmoja alikuwa akisema, "Wiki hii sikuonja. Wajukuu walileta nyumbani, wakakaa wanajilia raha zao. Nikatoka, nikakaa nje mpaka wakamaliza." Wakampigia makofi. Mama mwingine akainuka. "Mimi nilikuwa naficha chini ya godoro. Mzee akishalala, naanza. Naipata kwa kupapasa gizani."

 Msasa alikuwa hajawahi kusikia mtu akisema jambo lile hadharani, tena mtu mwenye kiatu kizuri na mkoba mapajani. Miguu ikamwinua kabla hajaamua. "Mimi nilificha kwenye buti la mvua," alisema. "Halafu mvua ikanyesha, mama akavaa buti."

Wakacheka, naye akacheka, na kifua kikawa chepesi. Mzee wa wajukuu akauliza, "Zikasagika zote?"

"Zipi?"

"Peremende."

Mama mwenye miwani akashusha miwani. "Ulikuwa unaficha nini, mwanangu?"

"Pombe kali. Chupa kubwa."

Mtu mmoja akakohoa cheko. "Walevi wako juu, mwanangu," mama akasema. "Sisi ni wa sukari." Akamsindikiza mpaka kwenye ngazi, mkono begani, akamwambia asione haya, amezungumza vizuri kuliko katibu wao.

Juu, mlangoni, alisimama mtu mpana mwenye kofia, waliyemwita Dereva kwa sababu miaka yote aliendesha lori. Alipokea kila mgeni kwa mikono miwili, kisha akamvuta karibu, bega kwa bega. Ungeona haraka ungesema ni upendo. Upendo ulikuwamo, lakini na pua ilikuwamo. Alimvuta Msasa, akatulia kidogo, akamwachia.

"Karibu sana dada. Kiti chako ni kile cha dirishani."

"Mbona kwenye duara pana nafasi?"

"Dirishani ni pa mtu aliyepitia mahali kabla ya kufika. Hatumfukuzi. Anakaa, anasikiliza, chai anapata. Kuzungumza ni siku nyingine. Tulishawahi kumpa nafasi mtu aliyelewa, kidogo tulale hapa."

"Sijapitia mahali. Nimetoka kazini."

"Sote tulikuwa tunatoka kazini," Dereva alisema kwa upole, na duara zima likacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa cha watu wanaojijua, na hicho ndicho kilichomchoma zaidi.

Alikaa dirishani kwa sababu alikuwa ameshapanda ngazi, na hakuwa tayari kuzishuka huku watu wanacheka. Akasikiliza. Kulikuwa na Mpishi, mwanamke mwenye makovu ya mafuta mikononi, aliyeacha jiko la hoteli kwa ajili ya mvinyo wa kupikia; sasa anapanga bidhaa dukani. Kulikuwa na Mpiga Gitaa, aliyeliacha gitaa kwa sababu hajawahi kulipiga akiwa hajalewa. Dereva naye aliacha lori, maana kila kituo chake kilikuwa na baa na kila baa ilimjua. Walivitaja vitu hivyo kwa sauti ya chini, kama watu wanaotaja marehemu. Msasa akaanza kuhisi baridi.

Njia ya kurudi ilipita mbele ya baa. Kila njia ilipita mbele ya baa. Waliojenga mji ule lazima walikuwa na kiu. Mhudumu alikuwa akifuta meza za nje, akamwona, akatabasamu. "Jamani, umepotea. Karibu."

Msasa alisimama. Tuseme ukweli, aliitaka. Aliitaka kwa ulimi, kwa magoti, kwa mgongo. Hukumu nimeshapewa, alijiambia, kosa bado sijafanya. Si nilifanye tu, tuwe sawa? Alisikia kizibo kikifunguliwa ndani na mate yakamjaa. Kisha akaikumbuka ile pua. Akinywa leo, yule bwana wa kofia atakuwa amesema kweli, na wote waliocheka watakuwa wamecheka kwa haki. Hapana. Fadhila hiyo hawezi kuwafanyia.

"Nimepotea kweli," alimwambia mhudumu, "na wala usinitafute." Akaenda zake. Kuna wanaookolewa na sala, kuna wanaookolewa na watoto wao. Msasa siku ile aliokolewa na ukaidi, na ukaidi nao ni mali, asikudanganye mtu.

Kaka alipouliza wamesemaje, alimweleza bila kupunguza. Kaka akashika kichwa. "Unaona? Hata wenzio." Wifi akatoa wazo la kawaida, la mtu mwenye akili timamu: aoge kwanza, avae gauni safi, apake marashi kidogo, kisha aende. Akamtolea na gauni lake.

"Asante wifi," Msasa alisema. "Lakini nikienda nimepaka marashi, watakayemkaribisha ni marashi. Mimi nitakuwa bado dirishani."

"Ni kuoga tu."

"Naoga kila siku. Nitaoga nikirudi."

Wakamwacha. Kumbishia alivyonuna ni kutwanga maji kwenye kinu.

Alhamisi iliyofuata alipanda ngazi na koti lile lile. Dereva akamshika mikono, akamvuta, akatulia. "Dirishani, dada."

"Leo sikai dirishani."

"Ndio utaratibu wetu."

"Utaratibu wenu unanusa nguo. Nusa mkono." Akamwekea kiganja chini ya pua. "Umesikia? Sasa nusa na hapa." Akampumulia usoni pumzi ndefu iliyotoka tumboni.

Dereva alifumba macho. "Kitunguu," akasema.

"Na nini?"

"Kitunguu kibichi. Kingi."

Duara lilikuwa limegeuka zima zima. "Mkono wangu unanuka kazi," Msasa aliwaambia. "Mdomo wangu unanuka chakula cha mchana. Mwenye wasiwasi apange foleni."

Hakuna aliyepanga foleni ila Mpishi. Alikuja, akaukamata mkono ule, akaunusa kwa makini kama anayechagua samaki. "Hii si ya kunywa," alisema. "Ina utomvu ndani yake. Mwacheni akae." Dereva akavua kofia, akaomba radhi mbele ya watu wote, kisha akamvutia kiti kwa mkono wake. Ndivyo Msasa alivyoingia kwenye duara.

Alipopewa nafasi, alieleza yote: kochi, kaka, fundi wa kupuliza, mito. Akasema anataka mtu mmoja tu aende kumwambia kaka yake kwamba anaweza. Watu wakatazamana. Kisha wakaanza kumshauri, mmoja mmoja, kwa huruma, na wote walisema neno lile lile.

"Iache," Dereva alisema. "Hapa kila mtu ameacha kitu, dada. Si pombe peke yake."

"Mimi nilikuwa napiga gitaa mpaka watu wanalia," alisema Mpiga Gitaa. "Nimeacha. Sembuse wewe na kupaka makabati."

Msasa aliwasikiliza mpaka mwisho. Akafuta mikono kwenye koti.

"Pombe ilichukua mume wangu," alisema. "Sikumlilia sana, lakini ilimchukua. Ikachukua nyumba. Ikachukua meno mawili haya hapa. Mama yangu siku zake za mwisho alikuwa ananiuliza kwanza kama nimekunywa, ndipo aniulize kama nimekula. Vyote hivyo nilitoa nikiwa nakunywa, nikanyamaza. Sasa nimeacha, na bado inaninyooshea mkono? Inataka na kazi ya baba yangu? Haipati. Kazi haijanikosea kitu. Iliyonikosea ni pombe, na hiyo nimeshaifukuza. Kwa nini niwafukuze wote wawili?"

 Mpiga Gitaa alikuwa amekunja uso. "Kwa hiyo tulioacha vyetu ni wapumbavu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema." Akainuka, akashuka ngazi, wakamsikia mpaka chini. Msasa alimhurumia.

Dereva alikaa na kofia yake mapajani akiizungusha. "Sisi hatutoi udhamini," alisema mwishowe. "Siwezi kwenda kumwambia kaka yako utaweza. Mimi mwenyewe ya kesho siyajui. Lakini nikuulize. Hilo kopo unalifungua saa ngapi?"

"Baada ya chakula cha mchana. Jua likiwa kali ndipo inakauka sawasawa."

"Na unakuwa na nani?"

"Peke yangu. Nafunga mlango, vumbi lisiingie."

"Mimi kopo lako silijui," Dereva alisema. "Mlango uliofungwa naujua. Niliendesha lori peke yangu miaka yote, kioo nimepandisha."

Mpishi akasema zamu yake ya dukani inaisha adhuhuri. "Nitapita kwako," akasema.

"Uje kufanya nini?"

"Kukaa."

Na alikuja. Siku ya pili yake alibisha hodi, akaambiwa afunge mlango upesi, akafunga, akajibwaga kwenye kigoda na khanga puani kwa ajili ya harufu. Hakutoa mawaidha. Alisimulia supu alizowahi kuunguza na mameneja waliozila wakasifu. Siku asizoweza kuja alikuja Dereva, ambaye hakusimulia chochote, akakaa akisinzia kofia usoni na kukoroma vizuri tu. Msasa alizungusha mkono, duara juu ya duara. Mwanzoni aliona kama amewekewa polisi. Baadaye akagundua kwamba saa ya mchana imefika na yeye anatazama mlangoni, na anatazama kwa sababu anamngoja mtu.

Mwisho wa mwezi ukafika, na fundi wa kupuliza naye akafika, na mashine yake juu ya mkokoteni. Kaka aliingia chumba cha vanishi mbele yake. Akamkuta dada yake kwenye kabati kubwa la milango miwili, na mwanamke asiyemjua kwenye kigoda.

"Huyu nani?"

"Mlevi mwenzangu," Msasa alisema bila kuinua kitambaa. Mpishi akatoa khanga puani, akaamkia.

Kaka hakujua aitikie vipi, akaitikia hivyo hivyo. "Niliomba mtu wa kuniambia kwamba unaweza. Miaka ile yote nilikubeba mgongoni usiku, dada, kabla hujaacha. Nilikuwa nakubeba huku naomba tusikutane na mtu. Wamesemaje hao wenzako?"

"Hawasemi. Wanakuja kukaa."

"Sasa nani ananihakikishia?"

"Hakuna." Msasa alifika mwisho wa mbao, akainua kitambaa, akasimama wima. "Hakuna mtu duniani wa kukuhakikishia, kaka, na mimi sikuhakikishii. Ila sitoki. Unataka kunitoa, nibebe kama ulivyozoea, lakini leo nitakuwa nimeamka." Akachukua kopo la spiriti, akafungua kifuniko, akalisogeza puani mbele ya macho yake, akavuta harufu taratibu. "Naijua hii kuliko wewe. Nimeipenda kuliko nilivyowapenda ninyi wote humu. Leo inanifanyia kazi." Akaimimina yote kwenye bakuli lenye gundi kavu, mpaka tone la mwisho, akaanza kukoroga kwa kijiti.

Kaka alitazama kijiti kikizunguka. Fundi wa kupuliza alikuwa mlangoni, akisubiri kuambiwa mashine iwekwe wapi. 

"Weka uani," kaka akamwambia. "Utaanza na vile vitanda vya hosteli. Makabati yana mwenyewe." Kisha akatoka.

Msasa aliendelea kukoroga. Alisikia viatu vya kaka vikivuka ua, alisikia mkokoteni ukigeuzwa. Ilipokuwa kimya, kijiti kikaanza kugonga pembeni mwa bakuli, tik tik tik, akajaribu kukituliza kwa mkono wa pili, nao ukawa unatetemeka vilevile. Harufu ilikuwa imejaa chumba kizima na mate yalikuwa yamemjaa mdomoni.

Mpishi alikuwa ameinuka, anakunja khanga yake. Muda wake wa kuondoka ulikuwa umepita.

"Usiende kwanza," Msasa alisema.

Mpishi akaketi.